KUJIBU MWALIKO WA KALENDA PAPO HAPO KISANDUKUNI

Na Katibu wa Chama, Kidato cha Tatu

Wenzangu katika kurasa zilizotangulia wamekwisha kukuburudisha kwa mashairi, vitendawili na uchambuzi wa riwaya. Mimi nimechagua somo kavu kidogo, lakini nakusihi usilipite, kwa kuwa linahusu jambo lililokikosesha chama chetu usingizi muhula wa pili. Nalo ni mialiko inayokuja kwa barua pepe, ile yenye tarehe, saa, na vitufe vitatu vya kubonyeza.

Waliosoma hapa zamani husimulia kwamba mwaliko wa kongamano ulikuja kwa barua yenye mhuri wa shule. Ilitiwa posta Kisii mjini ikakaa njiani hadi watu wakaisahau, au ilikabidhiwa makanga wa matatu ashuke nayo Keroka, kisha mtu atumwe huko kuichukua. Siku hizi mlezi wa chama katika shule jirani huketi mbele ya tarakilishi, akaandika jina la shughuli, akachagua siku, akaorodhesha anwani za vyama vinane na kubonyeza mara moja. Sote tumealikwa kabla chai yake haijapoa. Kazi ya kualika imekuwa nyepesi kama unyoya, ila kazi ya kujibu imebaki nyuma, na hapo ndipo penye kisa.

Muhula huo tulialikwa na shule moja ya kaunti jirani. Mwaliko ulisema 2:00 PM. Katika mojawapo ya shule zilizoalikwa, ambayo sitaitaja kwa kuwa si nia yangu kumwaibisha mtu, aliyeunakili kwenye ubao wa matangazo aliandika "Saa 2:00" basi. Wanachama wao wakaamka alfajiri na mapema, wakavaa sare, wakapanda gari la kukodi na kufika langoni saa mbili asubuhi, wenyeji wangali darasani. Sisi tulipowasili saa saba na nusu tuliwakuta chini ya mkaratusi, wamekaa juu ya mabegi yao, wengine wamelala. Mmoja wao, msichana wa Kidato cha Pili, alikuwa amekariri shairi refu la kughani. Aliposimama jukwaani saa tisa, sauti ilimkauka katika ubeti wa tano akaketi. Hakuna aliyemcheka, lakini mimi uso wake sijausahau.

Si hilo tu. Kongamano hilohilo lilikuwa limesogezwa mbele kwa juma moja, na shule nyingine ilikuwa imefika katika siku ile ya mwanzo, ikakuta uwanja mtupu. Barua ya mabadiliko walikuwa nayo katika kisanduku chao! Waliiona, wakadhani ni ileile ya kwanza imekuja mara mbili, wakaiacha. Fedha za gari, ambazo ni jasho la wazazi wanaochuma majani chai huko Nyansiongo na Kebirigo, zikateketea hivyo. Na vyama vilivyokosa kujibu kabisa vikaja vyote, wali ukagawanywa kijiko kwa kijiko.

Sasa turudi darasani.

Mwaliko wa kalenda ni barua mbili ndani ya bahasha moja. Barua ya kwanza ni yako wewe msomaji: ina jina la shughuli, siku, saa, mahali na maneno ya mwalikaji. Barua ya pili ni ya tarakilishi, na kwa kawaida huioni, au unaiona kama kiambatisho chenye jina linaloishia kwa herufi ics. Barua hiyo ya pili imeandikwa kwa utaratibu uliowekwa mnamo Novemba 1998 na wataalamu wawili, Frank Dawson wa kampuni ya Lotus na Derik Stenerson wa Microsoft. Utaratibu wenyewe huitwa iCalendar, na ulifanyiwa marekebisho Septemba 2009. Ni kwa sababu ya maafikiano hayo kwamba mwalimu wa Kisii anayetumia Gmail anaweza kumwalika mwalimu wa Nyamira anayetumia Outlook, na barua ikaeleweka pande zote mbili. Fikiria kama kila kampuni ingekuwa na lugha yake! Tungekuwa kama watu wa Babeli.

Ukiifungua barua ya tarakilishi kwa programu ya kuandikia maandishi, utakuta mistari mingi ya herufi kubwa. Usiogope. Mistari mitano tu ndiyo yenye maana kwetu. ORGANIZER ni mwandaaji, yaani anwani ya aliyealika. ATTENDEE ni mwalikwa, kila mmoja na mstari wake. DTSTART ni wakati wa kuanza. UID ni kitambulisho cha shughuli, mfano wa nambari ya usajili ya mtahiniwa: hakuna shughuli mbili zinazofanana. Na SEQUENCE ni hesabu ya marekebisho. Mwaliko mpya huanza na sufuri. Mwandaaji akibadilisha saa, barua nyingine hutumwa yenye UID ileile lakini SEQUENCE inapanda kuwa moja, akibadilisha tena inakuwa mbili. Tarakilishi ikiona UID inayoijua na hesabu iliyopanda, inafuta habari ya zamani katika kalenda na kuweka mpya.

Hapo ndipo wale wenzetu walipokwama. Kwa macho ya binadamu, barua ya pili ilikuwa na kichwa cha maneno yaleyale, mwandaaji yuleyule. Kwa hiyo shika hili: barua mbili za mwaliko zenye kichwa kimoja si pacha. Ile iliyokuja baadaye ndiyo inayotawala. Ifungue, linganisha saa na siku, kisha ujibu upya hata kama ya kwanza ulikwisha kuijibu. "Ndiyo" yako ya mwanzo ilikuwa ya siku ile ya mwanzo. Huenda siku hiyo mpya mna mtihani wa pamoja, au gari halipatikani.

Na kujibu kwenyewe je? Hebu tuone. Ukifungua barua ya mwaliko ndani ya kisanduku, ambacho wengi wetu tunakiita inboksi, utakuta vitufe vya majibu juu ya barua au chini ya kichwa chake. Katika Gmail viko vitatu: cha kukubali, cha labda na cha kukataa. Katika Outlook viko hivyohivyo, tena kuna cha kupendekeza wakati mwingine. Huna haja ya kuifungua kalenda yenyewe. Unabonyeza ukiwa papo hapo, na mambo mawili yanatokea kwa mpigo. Kwanza, shughuli inaandikwa katika kalenda yako kwa siku na saa yake. Pili, barua fupi ya tarakilishi inarudi kwa mwandaaji ikiwa na UID ileile na neno moja la hali yako: ACCEPTED ukikubali, TENTATIVE ukisema labda, DECLINED ukikataa. Kabla hujajibu, jina lako kwake lina alama ya NEEDS-ACTION, maana yake bado unasubiriwa. Mwandaaji anafungua orodha yake na kuona: vitano vinakuja, viwili havijui, kimoja hakijasema kitu. Kutokana na hesabu hiyo anakwenda kuzungumza na mpishi.

Ndugu msomaji, wengi hufikiri kwamba kuandika barua ya kawaida, "Asante mwalimu tutakuja," kunatosha. Ni adabu njema, na mwandaaji ataisoma akafurahi, lakini orodha yake haitabadilika hata kidogo, kwa kuwa tarakilishi haisomi shukrani. Jina lenu litaendelea kukaa miongoni mwa wasiojibu. Vivyo hivyo, kitufe peke yake kinasema mnakuja bila kusema mko wangapi, na hilo ndilo mpishi anataka kujua. Chama chetu sasa tunafanya yote mawili. Tunabonyeza kwanza, kisha tunaongeza maelezo mafupi: "Tumepokea mwaliko wenu kwa furaha. Tutakuja wanachama 14 na walimu 2. Tutatoa ngonjera moja." Programu nyingi zina nafasi ya kuongeza maneno pamoja na jibu, na kama yako haina, fuatisha barua ya kawaida.

Jihadhari na mtego mmoja ulio katika Outlook. Ukibonyeza kukubali, inakuuliza kama itume jibu sasa, ikupe nafasi ya kuandika maneno kwanza, au isitume jibu. Mtu mwenye haraka huchagua hilo la mwisho, akaona shughuli imeingia katika kalenda yake, akaondoka ameridhika. Kumbe mwandaaji hajaambiwa lolote. Jambo la pili ni kwamba ukishajibu, kwa kawaida Outlook huiondoa barua ya mwaliko kisandukuni. Usishtuke ukidhani imeibwa: shughuli iko kwenye kalenda, na barua iko kwenye vilivyofutwa. Mwalimu mmoja alituita tumtafutie mwaliko "uliopotea" kwa nusu saa nzima, na muda huo wote ulikuwa umetulia kwenye kalenda yake kama kuku anayeatamia.

Nije kwenye saa, maana hapa ndipo patamu na ndipo pachungu.

Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu jua linapochomoza. Kisii na Nyamira ziko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua letu halina mbwembwe, huchomoza na kutua karibu saa zilezile mwaka mzima, na hesabu hiyo inatufaa sana. Saa ya kalenda, kwa upande wake, huhesabiwa tangu usiku wa manane. Kati ya hesabu hizi mbili pana tofauti ya saa sita, nasi tunaishi ndani ya tofauti hiyo kila siku: tunaandika 2:00 PM na kusoma "saa nane". Tatizo si kwamba hatujui. Kila mtoto wa Kenya anajua. Tatizo ni pale mtu anaponakili tarakimu bila kuitafsiri, akaacha zile herufi za mwisho, kisha mwingine anayekuja nyuma yake anaisoma kwa Kiswahili safi.

Kanuni ni rahisi. Weka saa ya kalenda katika mtindo wa saa 24, kisha toa 6. 14 toa 6 ni 8, basi ni saa nane alasiri. 9 toa 6 ni 3, basi saa tatu asubuhi. Jibu likizidi 12, toa 12 tena: 20 toa 6 ni 14, toa 12 ni 2, ndiyo saa mbili usiku. Ikiwa saa yenyewe ni ndogo kuliko 6, ongeza 6 badala ya kutoa: 5 ongeza 6 ni 11, saa kumi na moja alfajiri. Na unaponakili ubaoni, andika kwa maneno, "saa nane alasiri". Neno alasiri haliwezi kudondoka kwa urahisi kama herufi mbili za Kizungu.

Kwa wale wanaopenda kuchimba zaidi, tuchukue mfano. Tuseme chama kimealikwa tarehe 7 Julai 2026, ambayo ni Siku ya Kiswahili Duniani, siku iliyotengwa na UNESCO Novemba 2021 na kuadhimishwa mara ya kwanza 2022. Ndani ya barua ya tarakilishi unaweza kukuta mstari huu:

DTSTART:20260707T110000Z

Tarakimu nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku. Herufi T inatenga tarehe na saa. Kisha 110000 ni saa 11, dakika sufuri, sekunde sufuri. Herufi Z mwishoni inakuambia kwamba hiyo ni saa ya dunia, ile inayohesabiwa bila kujali nchi. Kenya iko mbele ya saa ya dunia kwa saa tatu, mwaka mzima, wala sisi hatusogezi saa majira yakibadilika kama wafanyavyo Uingereza. Hivyo 11 ongeza 3 ni 14, toa 6 ni 8. Saa nane alasiri! Na wenye macho makali wamekwisha kuona njia ya mkato: kuongeza tatu kisha kutoa sita ni sawa na kutoa tatu. Chukua saa ya Z, toa 3, unapata saa ya Kiswahili. 11 toa 3 ni 8. Nilipomwonyesha mwalimu wa hisabati alicheka akasema kumbe Waswahili wako nyuma ya dunia kwa saa tatu na mbele yake kwa saa tatu kwa wakati mmoja.

Kwa kawaida hulazimiki kufanya hesabu hiyo, programu inakufanyia. Lakini programu huamini majira yaliyowekwa katika tarakilishi au katika akaunti yako. Zipo tarakilishi zilizofika shuleni zikiwa bado na majira ya Marekani ya magharibi, na hakuna aliyejali kuzibadilisha. Katika mashine ya namna hiyo, shughuli yetu ya tarehe 7 Julai itaonekana inaanza 4:00 AM, yaani saa kumi alfajiri. Ukiona kongamano la Kiswahili linaanza kabla jogoo hajawika, usimlaumu mwalikaji. Nenda kwenye mipangilio uchague Nairobi.

Mahali nako kuna vituko vyake, ingawa si vingi. Mwaliko unaosema "Keroka" tu haujasema kitu, kwa maana mji huo umekaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, na shule ziko pande zote. Na neno "Nyamira" ukilibonyeza likakupeleka kwenye ramani, hakikisha ramani haijakuvusha hadi Bondo katika Kaunti ya Siaya, ambako pia kuna Nyamira yenye shule ya wasichana. Mwandaaji mwema huandika jina la shule, mji wa karibu na kaunti. Mwalikwa mwema huuliza asipoelewa.

Sasa nizungumzie kitufe cha labda, na hapa natoa maoni yangu, anayepinga ajibu katika toleo lijalo. Naona sisi Wakenya tunakipenda kitufe hiki kupita kiasi. Kinatuwezesha kuonekana waungwana bila kujifunga. Wazee wetu wa Abagusii walikuwa na risaga, kikundi cha majirani waliokwenda kulima shamba la mmoja wao leo na la mwingine kesho. Mwenye shamba aliandaa chakula na kinywaji kulingana na mikono aliyoitarajia. Nani angemwambia mwenye shamba "labda"? Labda ina mahali pake, kwa mfano mkuu wa shule hajatoa ruhusa, au gari halijathibitishwa. Lakini ni jibu la muda. Chama chetu kimejiwekea sheria kwamba labda isizidi siku tano. Siku ya tano tunaufungua tena mwaliko uleule, tunabonyeza ndiyo au hapana, na jibu jipya linachukua nafasi ya lile la zamani kwa mwandaaji. Kukataa mapema si utovu wa adabu. Kunyamaza ndiko kunakoumiza.

Ikiwa shughuli mnaitaka ila saa haiwafai, tumieni nafasi ya kupendekeza wakati mwingine. Hapa kwetu mvua hupenda kunyesha alasiri, na shule iliyo mbali na lami hupendelea asubuhi ili gari lisikwame kwenye matope wakati wa kurudi. Pendekezo lenu likifika, mwandaaji analiona pembeni mwa lake. Akilikubali, waalikwa wote wanapata barua mpya. Asipolikubali, saa ya awali inabaki vilevile, kwa hiyo msije mkafika kwa saa mliyoipendekeza nyinyi wenyewe! Na mwandaaji akifuta shughuli, huja barua ya kuvunja mwaliko. Hiyo nayo ifunguliwe na kusomwa, kisha mhusika aende akafute pia ubaoni, maana ubao wa matangazo haujaunganishwa na mtandao.

Nisisahau suala la kupeleka mwaliko kwa wengine. Sisi wanafunzi haturuhusiwi simu shuleni, na kisanduku cha chama tunakifungua Jumamosi katika maabara ya tarakilishi mbele ya mwalimu wa zamu. Kwa hiyo mara nyingi mwaliko hufika kwa anwani ya mwalimu, naye huutuma mbele kwenye anwani ya chama ili katibu ashughulikie. Ni vyema kwa kusoma, lakini kwa kujibu pana shida. Mwaliko ule una jina la mwalimu, si la chama. Google yenyewe huweka onyo chini ya barua zake za mwaliko kwamba ukiutuma mbele, aliyeupokea anaweza kumjibu mwandaaji, kujiongeza katika orodha ya wageni, kualika wengine, au hata kubadilisha jibu lako wewe. Fikiria mwalimu amekubali asubuhi, mwanafunzi mtundu akakataa jioni kwa jina la mwalimu! Dawa ni kumwomba mwandaaji aongeze anwani ya chama katika orodha yake, kisha kila mmoja ajibu kwa anwani yake.

Pia iko mialiko ya ulaghai. Mnamo 2019 watu wengi duniani walikuta kalenda zao zimejaa shughuli wasizozijua: umeshinda simu, umeshinda fedha, bonyeza hapa. Walaghai walikuwa wamegundua kwamba kalenda ya Google huupokea mwaliko na kuuandika kabla mwenyewe hajajibu. Tangu 2022 kuna chaguo la kuweka kwenye kalenda mialiko ya watu unaowafahamu tu, na kuna jingine la kungoja mpaka ujibu kwenye barua. Kwa kisanduku cha chama tumechagua hili la mwisho. Ukipata mwaliko wa namna hiyo, usibonyeze hata kukataa, maana "hapana" yako inamfikia mlaghai kama habari njema kwamba anwani hii ina mtu. Iripoti kuwa barua taka na uendelee na shughuli zako.

Mwalimu mlezi wetu, ambaye namheshimu kama mzazi, hakubaliani nami katika jambo moja. Siku niliyomwomba ruhusa ya kujibu kongamano kwa kitufe aliniuliza, "Katibu, mwaliko gani huu usio na mhuri wala sahihi?"

Nikamjibu, "Mwalimu, sahihi yake ni anwani ya aliyeutuma. Tukiikagua na kuiona ni ya shule, tumemjua."

"Na mkuu wa shule ataweka nini kwenye faili? Kitufe?"

Nilikosa la kusema papo hapo, na ukweli ni kwamba alikuwa na hoja. Kubonyeza ndiyo hakumpi mwanafunzi ruhusa ya kutoka langoni. Tulikubaliana hivi: mwaliko ukifika, katibu anabonyeza labda siku hiyohiyo ili mwandaaji ajue umeonekana. Kisha barua inachapishwa, inapelekwa kwa mwalimu mlezi na mkuu wa shule, ikitiwa sahihi inarudi kwenye faili, na hapo ndipo ndiyo inabonyezwa. Ni njia ndefu kuliko ninayoipenda. Lakini tangu tuanze kuifuata muhula wa tatu tumealikwa mara tatu, na mara zote tatu tulifika kwa saa, tukakuta viti vyetu vimehesabiwa.

ZOEZI

1. Mwaliko una mstari DTSTART:20260707T060000Z. Shughuli inaanza saa ngapi kwa saa ya Kiswahili? Onyesha hesabu yako kwa njia ndefu na kwa njia ya mkato.

2. Andika kwa maneno, tayari kwa ubao wa matangazo, saa hizi za kalenda: 10:30 AM, 3:15 PM, 7:00 PM.

3. Ni Jumamosi. Kisandukuni mna barua mbili zenye kichwa kimoja na UID moja. Ya Jumatatu ina SEQUENCE sufuri na inasema saa nane alasiri. Ya Alhamisi ina SEQUENCE moja na inasema saa tatu asubuhi. Chama kilikwisha kubonyeza ndiyo siku ya Jumatatu, na gari limekodiwa kwa saa sita mchana. Eleza utakachobonyeza, utakachofuta ubaoni, na mtu utakayemwona kwanza.

Majibu yatumbukizwe katika kisanduku cha mbao cha chama, mlangoni mwa maktaba, kabla ya saa kumi alasiri, Ijumaa ya pili ya muhula.